Namna ya Kukanda Kichwa na Kuvuta Nywele za Mwenzi Wako

Watu wengi wanaokuja kukandwa huomba mgongo na miguu, kisha hushangaa kwamba usingizi umewachukua pale mikono ilipofika kichwani. Wapo pia wenye ndoa wanaouliza kwa sauti ya chini kuhusu kuvutwa nywele, kana kwamba wanaulizia jambo la aibu, ilhali hiyo ni raha ya kawaida ambayo huharibiwa na pupa tu. Mwongozo huu ni wa watu wazima wawili walioridhiana, nao unafuata utaratibu ninaowafundisha maharusi hapa Dar es Salaam. Tengeni nusu saa, zimeni simu, na muwe na taulo kuukuu pamoja na kijiko kikubwa cha mafuta. Anayekandwa aketi juu ya mto sakafuni, naye anayekanda akae kwenye kiti nyuma yake, ili mabega yasichoke kabla kazi haijaanza.

Hatua ya kwanza: kukubaliana na kukagua kichwa

Kubalianeni maneno matatu kabla ya kugusana: "ongeza", "legeza" na "basi". Hilo la tatu halina mjadala. Likitamkwa, vidole hufunguka papo hapo. Kisha kagua ngozi ya kichwa penye mwanga mzuri. Ukikuta mapunye, vidonda au chawa, tibuni kwanza. Penye mishono, subirini ipone. Mwenye kipandauso kilichomshika siku hiyo aachwe apumzike, kwa sababu wengi wao huumia hata nywele zikiguswa tu. Aliyesukwa jana kwa kukazwa, hasa akiwa ametokwa na vipele kwenye paji la uso, asivutwe kabisa. Mguse kwa ncha za vidole katikati ya mistari, na kuvuta kusubiri hadi misuko ilegee. Nywele za ukingoni, yaani zile za mbele kabisa na za juu ya masikio, zisivutwe wakati wowote. Hizo ni nyepesi, na mvuto unaorudiwa kwa miaka huua mashina yake, jambo ambalo msusi yeyote mzoefu ameliona kwenye mapaji ya nyuso za wateja wake.

Hatua ya pili: mafuta na mikono

Mafuta ya nazi yanatosha. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo aliye Arusha au Nairobi mwezi wa Julai aiweke chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, wakati sisi wa Pwani tunamimina tu. Anayependa harufu aloweke maua ya asmini ndani yake tangu usiku wa jana. Mafuta ya karafuu huunguza ngozi yakipakwa matupu. Tone moja katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi halihitaji la pili. Kata kucha, vua pete, na upashe viganja joto kwa kuvisugua.

Hatua ya tatu: kupapasa

Weka viganja vyote viwili utosini na utulie mpaka pumzi zake zishuke. Kisha pitisha vidole kutoka kwenye paji la uso hadi ukosini, polepole kuliko unavyodhani inatosha. Ngozi yenye nywele ina nyuzi za neva zinazoitikia mguso mwepesi wa taratibu, nazo huamka vizuri zaidi vidole vinapokwenda kwa kasi ya sentimeta 1 hadi 10 kwa sekunde. Kichwani mwa mtu mzima safari hiyo ni kama sentimeta 30, kwa hiyo ichukue sekunde 10 hivi. Hesabu kimoyomoyo hadi mkono uzoee. Katika nywele za kipilipili zilizoachwa huru vidole vitakwama, na kulazimisha ni kumtesa. Badala ya kupitisha, tua kwa ncha za vidole, inua, na uhamie mbele kidogo.

Hatua ya nne: kukanda

Wengi husugua nywele kama wanaofua, wakaacha vifundo na ngozi inayowasha. Vidole vinatakiwa vibaki pale vilipotua, na ngozi yenyewe ndiyo isogee juu ya fuvu. Ngozi ya kichwa ina matabaka 5, na tabaka la nne kutoka juu ni tishu iliyolegea, ambayo ndiyo inayoyaruhusu yale matatu ya juu kuteleza. Zungusha taratibu, mizunguko mitano au sita kila mahali, kisha hama.

Panja zina siri yake. Mwambie akaze meno, nawe utahisi msuli ukivimba chini ya vidole vyako juu kidogo ya sikio. Huo ni msuli wa kutafunia, na wanaosaga meno usiku huwa nao mgumu ajabu. Ukande kwa wepesi huku mdomo wake ukiwa wazi kidogo. Halafu nenda mahali fuvu linapokutana na shingo, panga ncha za vidole hapo, na umwache aegemeze kichwa mpaka uzito wake wote uwe mikononi mwako. Usikande shingo kwa mbele wala pembeni mwa koo, ambako mishipa mikubwa ya damu hupita.

Hatua ya tano: kuvuta

Kila unywele umezungukwa shinani na miisho ya neva inayohisi hata unywele ukiinama kidogo tu. Ukishika nywele chache, mzigo wote unaangukia mashina machache, na hayo huuma. Ukishika nyingi, mzigo unagawanyika na kinachobaki ni mkazo mtamu unaosambaa. Kwa hiyo ingiza vidole vilivyotanuka kutokea ukosini kwenda juu, kiganja kikigusa ngozi, kisha fumba ngumi polepole mpaka vifundo vya vidole vilale kichwani. Usiuondoe mkono kichwani. Kule kufumba ndiko kuvuta kwenyewe. Mkono mwingine ushike paji la uso, ili shingo isirudi nyuma.

Kaza anapotoa pumzi, shikilia kwa pumzi mbili, kisha achia kwa mwendo wa polepole zaidi kuliko ulivyofumba. Ni wakati wa kuachia ndipo utaona vinyweleo vya mikono yake vimesimama. Akisema "ongeza", ongeza wingi wa nywele ngumini kabla ya kuongeza nguvu. Usikurupushe, hata kwa utani. Mwenye rasta ashikwe rasta nyingi pamoja, karibu na ngozi. Mwenye kipara naye hajatupwa nje ya karamu: bana ngozi kwa viganja viwili, iinue kidogo, uiachie.

Hatua ya sita: usingizi au mahaba

Hapa mikono huamua njia. Anayetaka usingizi apewe mdundo usiobadilika, utosini na kwenye panja, kwa sababu mwili unaojua kitakachofuata huacha kujilinda. Kwa mahaba, rudi ukosini na nyuma ya masikio, na uvunje ule mdundo: fumba ngumi, tulia kwa muda asioutarajia, sogeza pumzi zako karibu na shingo yake kabla ya kuachia. Mvuto uleule anaoufurahia kwako ungemkera kwa mgeni, maana sehemu kubwa ya msisimko huo ni kumkabidhi mtu kichwa chako ukijua hatakuumiza. Kwa sababu hiyo endelea kumsikiliza. Bega likipanda au pumzi zikikatika, legeza bila kungoja aseme.

Kabla hamjalala, tandika taulo juu ya mto. Asubuhi, wakati wa kuosha, paka shampuu kwenye nywele zikiwa bado kavu na zenye mafuta, isugue hadi mashinani, ndipo mmimine maji. Ukianza na maji, mafuta yatabaki na utaosha mara tatu.