Kabla ya kubonyeza mashine ya presha, tafuta tepu ya fundi cherehani

Juzi nilikuwa namwelekeza intern mpya akaniambia "dokta, presha si unabonyeza tu?" Nikacheka, maana na mimi nimebonyeza tu miaka mingi. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Mgonjwa akakojoe kwanza, akae, aegemee kiti, miguu chini isipishane, dakika tano kimya. Hii mnaijua.

Hatua ya 2: Kafu, kile kitambaa cha kufunga mkononi kinachojaa upepo. Hapa ndo tukae kidogo.

Kuna mama mmoja mwenye mikono minene, kila akija mashine inasoma 160 na kitu, nikamuongezea dawa, akarudi vilevile, nikaongeza tena, mwisho akawa anapata kizunguzungu akiinuka kitandani. Nusu siku nzima nilikaa na faili lake, namuuliza habari za chumvi, namuuliza kama dawa anameza kweli (alikuwa anameza, maskini, nikamuudhi bure), kumbe kafu ndo ilikuwa ndogo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walitoa majibu ya watu wazima 195, kila mtu kapimwa kwa kafu ya saizi yake na zisizo zake. Anayestahili kafu kubwa ukimfunga ya kawaida namba ya juu inazidi kama 5, na anayestahili ile kubwa kabisa inazidi karibu 20! Yaani mtu mzima wa afya anaondoka na dawa.

Kwa hiyo nunua tepu, ni bei ya soda. Mgonjwa akunje kiwiko, tafuta katikati ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, weka alama, halafu mkono ulegee, zungusha tepu pale penye alama, linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye kafu yenyewe. Zinazokuja na mashine nyingi ni 22 hadi 32, akizidi hapo tafuta kubwa. Usikisie kwa macho, nimeona watu wembamba wana mikono ya wabeba zege. Kafu ikianza kuachia ikijaa upepo usiishikilie kwa kiganja (nilifanya sana hiyo), badilisha. Na mkono mwembamba ukiufunga kafu kubwa namba inashuka, hapo unamrudisha nyumbani mgonjwa kweli. Sweta ivuliwe. Vile vimashine vya kufunga kwenye kifundo cha mkono mimi sivitaki kliniki kwangu.

Hatua ya 3: Mkono uegemezwe, kafu iwe usawa wa moyo. Hapohapo Johns Hopkins, 2024, walipima watu 133: mkono ukilala mapajani namba ya juu inazidi karibu 4, ukining'inia inazidi kama 6 na nusu. Hamna meza? Boksi la glavu na shuka iliyokunjwa juu yake, yameisha.

Hatua ya 4: Asiongee, na wewe usimwongeleshe. Pima mara mbili au tatu, pumzika dakika moja kila mara, chukua wastani.

Hatua ya 5: Akiandikiwa dawa lazima atauliza anywe asubuhi au usiku. Nilikuwa nang'ang'ania usiku, nikaacha baada ya utafiti wa Uingereza wa 2022 uitwao TIME, watu zaidi ya 21,000, ambao haukuona tofauti kwenye shambulio la moyo, kiharusi wala vifo. Anywe saa ambayo hatasahau. Yule mama, ambaye kwa kafu yake alisoma 138 na dawa tukampunguzia taratibu, kachagua saa ya chai.