Namna ya Kumjibu Anayeuliza Kama Asiye Mkatoliki Anaweza Kuokolewa

Mwongozo huu ni wa makatekista, wenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wasimamizi wa ubatizo katika parokia za Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru, ambako ukoo mmoja huweza kuwa na Mkatoliki, Mwanglikana, mfuasi wa Legio Maria (kanisa la Kenya lililojitenga na Kanisa Katoliki), Mkweka (Quaker) wa Kaimosi na Mwislamu wa Mumias, na wote wakaketi pamoja siku ya kulipa mahari. Katika mazingira kama hayo swali la wokovu wa walio nje ya Kanisa haliishii darasani, bali huibuka zaidi kwenye matanga, na anayeliuliza huwa na mtu maalumu moyoni mwake.

Kwa sababu hiyo, kabla hujataja mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wala barua ya Papa, mwulize muulizaji anamfikiria nani. Mama mmoja akisema, “Mwalimu, babu yangu alikufa bila kubatizwa, lakini kila alfajiri alisimama uani akaelekea jua na kumwomba Nyasaye (Mungu, kwa Kijaluo), je, yuko motoni?”, huyo haombi historia ya mafundisho. Kijana anayetaka kuacha mafundisho ya Kipaimara kwa hoja kwamba dini zote ni sawa ameuliza jambo jingine kabisa, ingawa maneno yake yanaweza kufanana na ya yule mama. Ukiwajibu wote wawili kwa sentensi moja uliyoikariri, mmoja utamuumiza na mwingine utampotosha.

Usiufiche usemi wa kale kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, kwa maana wasikilizaji wako wameshausikia, na ukijifanya haupo watadhani Kanisa linauonea haya. Waeleze ulikotoka. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago, aliuandika katika barua ya mwaka 256 hivi, wakati wa ubishi juu ya ubatizo uliotolewa na makundi yaliyokuwa yamejitenga na Kanisa. Hakuwa akizungumza juu ya mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la Kristo. Ni kweli kwamba baadaye maneno hayo yalikazwa, na Mtaguso wa Florensi mwaka 1442 ulitamka kwa ukali kwamba wapagani, Wayahudi, wazushi na waliojitenga hawatauona uzima wa milele wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa. Usilipunguze makali tamko hilo, ila ongeza kwamba Wakristo wengi wa Ulaya wa zama hizo walidhani Injili imekwisha kufika kila pembe ya dunia, hivyo aliyebaki nje walimhesabu kuwa ameikataa kwa makusudi. Dhana hiyo ilitikisika muda mfupi baadaye, meli za Wahispania zilipofika Amerika na kuwakuta watu wasiohesabika ambao hawakuwa wamehubiriwa na yeyote. Na mnamo 1539 Francisco de Vitoria, mtawa wa shirika la Wadominiko aliyefundisha Salamanca, Hispania, alikuwa akitetea kwamba watu hao hawana hatia ya kutoamini ikiwa imani hawakuelezwa, au walielezwa kwa namna isiyoaminika.

Kuanzia hapo unaweza kwenda haraka. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba mtu hahesabiwi haki pasipo ubatizo au hamu ya kuupokea, na neno hilo “hamu” ndilo lililoacha mlango wazi. Papa Pius wa Tisa aliandika mwaka 1863 kwamba wale wasioijua imani bila kosa lao wenyewe, wakaishika sheria ya asili iliyoandikwa mioyoni mwao, wanaweza kuupata uzima wa milele kwa nguvu ya neema ya Mungu. Wapo watakaokuambia kwamba huu wote ni ulegevu wa miaka ya 1960. Hao wakumbushe kisa cha padre Leonard Feeney wa Boston, Marekani, aliyeshikilia kwamba asiyekuwa Mkatoliki kwa ubatizo wa maji amepotea: Roma iliyapinga mafundisho yake kwa barua ya mwaka 1949, na mwaka 1953 yeye mwenyewe akatengwa na Kanisa kwa kukataa kuitika wito wa kwenda kujieleza, ingawa alipatanishwa nalo mwaka 1972 kabla ya kufariki.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi ni hati ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, Lumen Gentium, ya mwaka 1964, namba 14 hadi 16. Isome polepole pamoja na wanajumuiya, na kila kundi linapotajwa, wape nafasi ya kumtaja jirani anayehusika. Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, akifa kabla ya usiku wa Pasaka, Kanisa linamhesabu kuwa wake tayari kwa sababu ya nia yake. Mwanglikana aliyebatizwa kwa maji katika jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu ameunganishwa na Kristo kweli, hata kama ushirika wake na Kanisa Katoliki haujakamilika, ndiyo maana akija kwetu habatizwi tena. Mwislamu anatajwa waziwazi miongoni mwa wale wanaomkiri Muumba na ambao mpango wa wokovu unawahusu. Babu aliyekuwa akimtafuta Mungu asiyemjua, kwa vivuli na ishara, naye hakusahauliwa: ikiwa hakuijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda yale ambayo dhamiri ilimwamuru, anaweza kuokolewa. Kumbuka pia kwamba wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill waliingia magharibi ya Kenya kutoka Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo vizazi vyote vilivyotangulia vilizaliwa, vikazeeka na kuzikwa bila kuwa na nafasi ya kukubali wala kukataa.

Wakweka watakusumbua kidogo, na huku kwetu huwezi kuwaruka, kwa kuwa tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902 wamekuwa sehemu ya karibu kila ukoo wa Vihiga. Wanamkiri Kristo, wanasoma Biblia, lakini hawabatizi kwa maji, kama ilivyo pia kwa Jeshi la Wokovu. Mkweka anayetaka kuwa Mkatoliki atabatizwa, kwa kuwa ubatizo hakuwahi kuupata. Kuhusu wokovu wake, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1260, inatoa njia ya kufikiri: mtu anayeitafuta kweli na kutenda mapenzi ya Mungu kadiri anavyoyafahamu anaweza kuokolewa, na inaweza kudhaniwa kwamba watu kama hao wangeutaka ubatizo kama wangalijua kwamba ni wa lazima.

Hapo ndipo kijana wa Kipaimara atakapodai kwamba dini ni kama safari ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu, mmoja akapitia Kericho na mwingine Eldoret, na wote wakafika. Usikubali mfano huo, hata kama unachekesha darasa, kwa kuwa Kanisa halifundishi hivyo. Hati ya Vatikano iitwayo Dominus Iesus, ya mwaka 2000, inasisitiza kwamba Mwokozi ni mmoja, na kwamba kila anayeokolewa, popote alipo, anaokolewa na Kristo na kwa neema yenye uhusiano wa siri na Kanisa lake, hata kama mwenyewe hajui. Kwa maneno mengine, Mwislamu mwema haokolewi na mwezi wa Ramadhani wala Mluo wa kale na jua. Anayewaokoa ni Yesu. Kijana akiuliza basi kuna haja gani ya kubatizwa, mweleze kwamba Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya Ubatizo lakini Yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Kisha umfungulie tena namba 14 ya Lumen Gentium, inayosema kwamba anayejua kuwa Kanisa liliwekwa na Kristo kama njia ya lazima, akakataa kuingia au kudumu ndani yake, hawezi kuokolewa. Kijana huyo anajua, na kutojua kwa babu wa mtu mwingine hakumsaidii. Ibara hiyohiyo inamwonya hata Mkatoliki wa kila Jumapili: asiyedumu katika upendo yumo Kanisani kwa mwili tu, si kwa moyo. Kwa maoni yangu sentensi hiyo ingefaa kusomwa kwanza, kabla mtu hajaanza kuwahesabu walio nje.

Kwenye matanga punguza mafundisho. Usimtangaze marehemu kuwa amepotea, kwa maana Kanisa, ambalo huwatangaza watakatifu kwa majina, halijawahi kumtaja mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Wala usiiahidi familia kwamba tayari yuko mbinguni, kwa kuwa hilo nalo hujui. Wape jambo la kufanya. Kanuni ya 901 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu padre kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa, kwa hiyo mama yule anaweza kwenda ofisi ya parokia na kuliandikisha jina la babu yake katika nia za Misa bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Maziko ya Kikatoliki yana utaratibu wake katika kanuni ya 1183: mkatekumeni anazikwa kama Mkristo mwingine, mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa, huku wazazi wake wakiwa na nia ya kumbatiza, anahitaji ruhusa ya askofu, na Mkristo aliyebatizwa katika kanisa lingine anaweza kuruhusiwa ikiwa mchungaji wake hapatikani na hakuwa na nia iliyo kinyume. Kwa kuwa ruhusa hizo haziko mikononi mwa katekista, na wakati mwingine hata paroko hana budi kuuliza jimboni, mpigie simu paroko kabla familia haijapeleka programu ya mazishi kuchapishwa.