Kusoma kinyama cha mdomo ili wasomaji wawili waafikiane

Kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa ili kipimwe, cha doa jeupe la ulimini kikisomwa na madaktari wawili wa patholojia, mmoja huweza kuandika displasia (mabadiliko ya seli yanayoweza kugeuka saratani) hafifu, mwenzake displasia ya wastani. Mgonjwa ndiye anayebeba tofauti hiyo: kwa jibu moja ataambiwa arudi kliniki baada ya miezi kadhaa, kwa jibu lingine atapangiwa upasuaji. Ndiyo maana nawasihi wenzangu tusome kwa utaratibu mmoja.

Kwanza kikague kipande chenyewe. Kikilala vibaya kwenye nta inayokishika wakati wa kukatwa, kisu hupita mshazari, na vidole vya epithelia (tabaka la seli linalofunika ulimi) vinavyoshuka chini huonekana kama visiwa vilivyozama chini, mtu akadhani ni saratani iliyokwisha kupenya. Omba kipachikwe na kukatwa upya. Ukiona neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zimejaa kwenye tabaka la juu, agiza rangi ya PAS, inayoonyesha fangasi, kabla ya kutaja daraja, kwa sababu fangasi wa kandida huvimbisha viini vya seli na kuvikoleza hata pasipo displasia.

Halafu hesabu dalili za displasia, tena kila mtu peke yake, bila kuona jibu la mwenzake. Tazama mpangilio: seli za safu ya chini zimepoteza mstari? Vidole vya epithelia vimenenepa ncha kama tone la maji? Kuna seli zinazogawanyika huko juu, mbali na safu ya chini? Ndipo uingie kwenye seli zenyewe: viini vinatofautiana ukubwa na umbo, vimekolea, vimejaza seli? Mimi hutumia ngazi mbili alizopendekeza Omar Kujan na wenzake mwaka 2006: dalili 4 au zaidi za mpangilio pamoja na 5 au zaidi za seli ni hatari kubwa, pungufu ya hapo, hatari ndogo. Ngazi hizo hazina “wastani”, na hiyo ndiyo inayotugombanisha zaidi.

Mkimaliza msijisifu kwa asilimia. Tuseme slaidi ni 40, mmeafikiana 30, na kila mmoja ameita nusu yake hatari kubwa. Asilimia 75 hiyo inapendeza, ila kubahatisha tu kungewapa 50. Kappa yenu, yaani kipimo cha maafikiano baada ya kuondoa ya kubahatisha, ni 0.5 tu, ambapo 1 ni maafikiano kamili.

Zile 10 zilizobaki zitazameni pamoja kwenye darubini ya vichwa viwili, kila mmoja akionyesha kwa mshale seli iliyomfanya aamue. Msipoafikiana, mpeni msomaji wa tatu asiyejua majibu yenu. Kwenye ripoti orodhesheni dalili mlizoziona, andikeni kwamba wasomaji walitofautiana, na msisahau kutaja kinyama kilitoka wapi: ubavuni mwa ulimi na chini yake ni pa kuogopwa kuliko shavuni.