Namna ya Kuandaa, Kuvaa na Kutumia kwa Usalama Transmita ya Maiki Isiyo na Waya

Katika kumbi za Dodoma, kuanzia semina za watumishi wa wizara hadi makongamano ya kwaya na harusi za Jumamosi, mtu anayezungumza huku akitembea huvalishwa kiboksi kidogo kiunoni, chenye antena fupi na waya mwembamba unaopanda hadi kwenye maiki iliyobanwa kifuani. Kiboksi hicho ndicho transmita: hupokea sauti kutoka kwenye maiki, huigeuza kuwa mawimbi ya redio na kuyarusha hadi kwenye risiva, yaani kipokezi, iliyounganishwa na mixa, ile meza ya kuchanganyia sauti ya fundi mitambo. Sauti inapoanza kukatika, lawama ya kwanza huenda kwenye betri na ya pili kwenye chombo chenyewe, hasa kikiwa cha bei nafuu. Mara nyingi lawama hizo si za haki. Tangu kiboksi kinapofungwa mwilini, mwili wa mvaaji, nguo zake na mahali anaposimama huwa sehemu ya mtambo, na fundi asiyevishughulikia amefanya nusu tu ya kazi yake.

Masafa na betri

Soma kwanza lebo ya transmita na ya risiva. Watengenezaji huuza modeli ileile katika bendi, yaani mafungu ya masafa, tofauti, na transmita ya bendi moja haitasikika kwenye risiva ya bendi nyingine hata kama vyombo hivyo vinafanana kwa kila kitu. Seti nyingi za kitaalamu hutumia UHF, fungu la masafa ya juu ya redio, nyumba ileile wanayokaa watangazaji wa televisheni inayoshikwa kwa antena. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, matangazo hayo ya dijitali yamepangwa katika chaneli zenye upana wa megahezi 8 kila moja. Maiki isiyo na waya hupenyezwa katika nafasi zilizo wazi kati ya chaneli hizo. Masafa ya juu zaidi, kuanzia megahezi 694 hadi 862, katika ukanda wetu wa dunia yametengwa zaidi kwa ajili ya intaneti ya simu. Marekani nayo ilipiga marufuku maiki za megahezi 698 hadi 806 mwezi Juni 2010 kwa sababu kama hiyo. Kwa hiyo seti ya mtumba ya masafa hayo, hata ikiuzwa kwa bei ya kukutoa mate, si ya kununua. Msimamizi wa masafa na wa uidhinishaji wa vifaa vya mawasiliano nchini ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ni vyema muuzaji aulizwe kuhusu idhini hiyo kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Masafa huchaguliwa ukumbini, si ofisini, na risiva ikiwa imekwisha kuwekwa mahali itakapokaa. Washa risiva peke yake huku transmita zote zikiwa zimezimwa, halafu tazama kipimo cha mawimbi. Kikipanda, ujue kuna mtu mwingine kwenye masafa hayo, na unapaswa kuhama. Risiva nyingi za kisasa zina kitufe cha kutafuta nafasi iliyo wazi. Ukishaipata, elekeza kidirisha cha transmita kwenye kidirisha cha risiva, kwa ukaribu wa sentimita chache, ili masafa yahamishwe kwa miali isiyoonekana. Kwa modeli zisizo na huduma hiyo, namba huandikwa kwa mkono kwenye vyombo vyote viwili. Masafa mamoja hubeba transmita moja tu. Mbili zikiwashwa pamoja kwenye masafa hayo, utapata makelele badala ya sauti mbili.

Wanaotumia maiki kadhaa kwa pamoja hukutana na tatizo ambalo halionekani kwa macho. Transmita zikikaribiana, mawimbi yake huchanganyika na kuzaa mawimbi mengine ambayo hakuna aliyeyaagiza. Mathalani, moja ikiwa kwenye megahezi 520 na nyingine kwenye 521, watoto wao huzaliwa kwenye 519 na 522. Anayepanga maiki ya tatu kwenye 522 kwa kufuata mpangilio mzuri wa namba ameiweka palepale penye uchafu. Ndiyo maana masafa hayapangwi kwa hatua zinazolingana, na ndiyo maana vikundi vya masafa vilivyotayarishwa na mtengenezaji ndani ya risiva vinafaa kuliko namba za kubuni. Kaa ndani ya kikundi kimoja kwa maiki zote za shughuli hiyo.

Seti ndogo zinazochajiwa, ambazo sasa zimejaa mikononi mwa wapiga video, hutumia gigahezi 2.4 kwa pamoja na waifai na bluetooth. Zinafaa kwa mahojiano ya ana kwa ana. Kwa ukumbi wenye mamia ya simu sizipendekezi, kwa sababu jaribio la saa mbili asubuhi, viti vikiwa vitupu, halikuambii lolote kuhusu saa tano watu watakapokuwa wamekaa na kuwasha intaneti zao.

Kwa upande wa nishati, transmita nyingi za UHF hutumia betri mbili za saizi ya AA. Nunua za alkalaini au za kuchaji zenye ubora, na uachane na zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa ajili ya redio, kwa kuwa huishiwa nguvu haraka zikidaiwa umeme mwingi. Betri za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5. Chombo chenye menyu ya aina ya betri kinapaswa kuelezwa hivyo, la sivyo kipimo chake kitakudanganya. Usichanganye betri mpya na kuukuu, usichaji zisizo za kuchaji, na za akiba zibebwe kwenye kasha lake: betri iliyolegea mfukoni pamoja na funguo au sarafu inaweza kupata shoti na kuunguza nguo. Badilisha betri kabla ya mzungumzaji kupanda jukwaani, usisubiri taa nyekundu.

Kufunga mwilini

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hula mawimbi ya UHF. Kiboksi kikifungwa katikati ya mgongo na risiva ikiwa mbele ya mzungumzaji, mwishoni mwa ukumbi, mwili mzima unasimama kati ya viwili hivyo kama ukuta. Kifunge ubavuni, juu ya nyonga, upande unaoelekea risiva kwa muda mrefu zaidi wa mazungumzo. Lililo bora zaidi ni kuisogeza risiva karibu na jukwaa, ikionana na mvaaji bila kizuizi, kisha sauti ipelekwe kwenye mixa kwa waya. Waya wa sauti ukirefushwa hauleti hasara kubwa, ilhali safari ya mawimbi ikirefushwa katikati ya vichwa vya watu huleta. Usiibandike risiva kwenye transmita pia. Acha mita tatu au zaidi. Inua antena zake juu ya usawa wa vichwa vya watu waliokaa na uzitanue kama herufi V.

Antena ya kiboksi ining'inie wima, imenyooka, bila kukunjwa ndani ya mkanda na bila kugusa ngozi. Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa sentimita 50, na antena hukatwa takriban robo ya hapo. Ikizungushwa au ikilala kwenye ngozi yenye jasho, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ambayo tangu mwanzo si nyingi, kwani transmita hizi kwa kawaida hurusha milivati 10 hadi 50 tu. Waya wa maiki usifungwe pamoja na antena. Simu ikae mfuko wa upande mwingine, na ikiwezekana ibaki kwa msaidizi.

Mavazi yana masharti yake. Suti na mkanda havisumbui. Mwenye kanzu mara nyingi ana suruali ndani, na kiboksi hufungwa kwenye mkanda wa suruali huku waya ukipanda chini ya kanzu. Aliyevaa gauni la kitenge lisilo na mkanda afungiwe mkanda wa elastiki wenye mfuko, juu ya nguo ya ndani, na asining'iniziwe kiboksi kwenye shingo ya gauni ambako kitalivuta. Usimpitishie mtu waya ndani ya nguo bila ruhusa yake: mweleze kinachotakiwa, mpe faragha aupitishe mwenyewe, au aje msaidizi wa jinsia yake. Kwa kiongozi, maneno machache ya heshima yanatosha: "Mheshimiwa, naomba hiki ukiache kikiwa kimewashwa, nikihitaji kuzima, nitazima mimi mezani." Kisha funga swichi kwa kufuli iliyo kwenye menyu, kwa sababu vidole vyenye wasiwasi hupapasa.

Maiki hubanwa katikati ya kifua, karibu shubiri moja chini ya kidevu. Ikishuka mara mbili ya umbali huo, sauti hupungua kwa takriban desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) sita, na fundi akiongeza mezani ataongeza pia mluzi wa spika. Tengeneza kitanzi kidogo cha waya nyuma ya kibanio ili mvuto usifike kwenye maiki. Katika mji huu wa ofisi za serikali kuna adui mmoja anayesahauliwa sana: kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni, ambacho kila mvaaji anapogeuka hugonga maiki na kutoa kishindo ukumbi mzima. Kivuliwe, pamoja na mikufu mizito. Ushungi usiifunike maiki kwa kitambaa kinachosuguana nayo. Maiki ibanwe nje, kwenye ukingo.

Nje ya ukumbi, upepo wa kiangazi wa Dodoma haubembelezi. Anayefanya kazi kwenye viwanja vya Nanenane vya Nzuguni mwanzoni mwa Agosti anahitaji kofia ya manyoya juu ya maiki, maana sponji peke yake haitoshi, na akate sauti nzito zilizo chini ya hezi 100 kwenye mixa.

Kupima sauti na kutembea

Kabla ya kuwasha chochote, shusha chaneli ya mixa hadi chini na uzime umeme wa volti 48 ambao mixa hulisha maiki za waya kwenye chaneli hiyo, kwa kuwa maiki ya kifuani hulishwa na transmita yake yenyewe. Hakikisha pia kama risiva inatoa kiwango cha maiki, kilicho dhaifu, au cha laini, kilicho na nguvu zaidi, ili kilingane na tundu ulilochomeka.

Kisha mwombe mvaaji aongee kama atakavyoongea kweli. "Moja, mbili, tatu" ya unyonge haimwakilishi mshehereshaji atakayepiga vigelegele saa tatu usiku. Panga usikivu wa transmita ili sauti yake ya juu kabisa ibaki desibeli kumi hivi chini ya taa nyekundu. Ikizidi, sauti hukwaruza ndani ya kiboksi kabla ya kurushwa, na kuipunguza mezani hakutaisafisha. Ikipungua sana, utasikia mvumo wa hewa nyuma ya maneno.

Halafu tembea. Vaa kiboksi mwenyewe au mpe msaidizi, zungukeni kila mahali mzungumzaji anakoweza kufika, geukeni, inameni, pigeni mgongo risiva, huku mtu mezani akitazama kipimo cha mawimbi. Pale kinapoanguka, hamisha risiva badala ya kutumaini. Kadiria kwamba ukumbi ukijaa hali itakuwa mbaya kiasi. Kukwama kwa sauti na kupiga mluzi ni magonjwa mawili tofauti: la kwanza hutibiwa kwa antena, la pili kwa kumzuia mvaaji asipite mbele ya spika na kwa kuzipeleka spika mbele yake. Kuongeza nguvu ya transmita hakuponyi la pili.

Usalama wakati wa matumizi

Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aulizwe kabla, kwa staha na pembeni. Kiboksi kikae mbali na kifua chake, angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho, au apewe maiki ya mezani endapo hajapata ushauri wa daktari wake. Kiboksi kinachopata moto kisivyo kawaida kivuliwe mara moja na betri zitolewe. Kisizungushiwe nailoni ngumu isiyopitisha hewa kwa saa nyingi. Kwa mchezaji au mhubiri anayetoka jasho, mfuko wa kitambaa unaonyonya unafaa zaidi, pamoja na waya uliopinda kidogo chini ya tundu ili matone yadondoke kabla ya kuingia.

Chaneli ifunguliwe mvaaji anapoanza kuzungumza na ifungwe mara anapomaliza. Maiki haijui kwamba hotuba imekwisha: mazungumzo ya pembeni, simu ya nyumbani na safari ya msalani vitasikika nje iwapo fundi amezubaa. Wakati wa kufunga kazi, shusha chaneli kwanza, zima transmita, halafu risiva. Ukiiacha risiva ikiwa wazi bila transmita, inaweza kushika sauti ya ukumbi wa jirani na kuirusha kwenye spika zako.

Baada ya shughuli, toa betri ikiwa chombo hakitatumika kwa siku kadhaa, kwani zikivuja huozesha chuma cha ndani. Futa kiboksi na waya kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na usafishe tundu la maiki kwa brashi laini, kwa sababu vumbi jekundu la huku huingia hata kwenye tundu lililofunikwa. Usiviache vyombo ndani ya gari lililofungwa juani, hasa vile vyenye betri ya lithiamu iliyojengewa ndani. Waya wa maiki uzungushwe kwa duara pana, bila kuufungia kwenye kiboksi, na uandikiwe namba ya transmita yake kwa kipande cha utepe.