Kupima priampu mbili za V72 zilizofufuliwa, kwa muziki wa nyumbani

V72 ni priampu (kifaa cha kukuza sauti ndogo ya maiki) ya valvu ya vituo vya redio vya Ujerumani ya miaka ya 1950. Ina valvu mbili za EF804S na geini (kiasi cha kukuza) isiyobadilika ya 34 dB (desibeli), yaani mara 50. Ndugu yake V72S, wa 40 dB, ndiye aliyefungwa kwenye meza za kuchanganyia sauti za REDD.37 za kampuni ya EMI, kwenye studio ya Abbey Road, London. Ukimaliza kubadilisha kapasita, usikimbilie maiki. Anza na multimita.

Hatua ya 1: umeme. Transfoma yake ilisukwa kwa volti 220. Soketi ikitoa 240, hita (nyuzi zinazopasha valvu moto) zinazotaka volti 6.3 hupata karibu 6.9, zitapiga kazi vizuri tu, ila valvu zitakufa mapema, na EF804S si za bei ya kuchezea. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 40 iliyofungwa mfululizo. Ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, kuna shoti. Ukiiondoa balbu, tumia variaki (transfoma ya kurekebisha volti) kushusha umeme hadi hita zisome kati ya 6.0 na 6.6. Kapasita kubwa hubaki na chaji ya kuua hata plagi ikiwa imechomolewa: zimalize kwa rizista ya kilo-omu 10, wati 5, kisha hakikisha kwa mita kabla ya kuingiza kidole.

Hatua ya 2: acha zipate moto dakika 15, kisha linganisha volti ya kathodi (mguu unaotoa elektroni) ya valvu ya pili kwenye priampu zote mbili. Iliyo juu sana, shuku kwanza kapasita inayopitisha sauti kutoka valvu ya kwanza kwenda ya pili. Ikivuja DC, volti ya gridi (mguu unaodhibiti mkondo) hupanda na valvu huvuta mkondo kupita kiasi. Kapasita mpya nayo huvuja, hasa ikichomwa na lehemu.

Hatua ya 3: geini. Intafesi (kifaa kinachounganisha sauti na kompyuta) hutoa sauti kubwa mno kwa tundu la maiki, kwa hiyo tengeneza kipunguza sauti cha 40 dB: rizista ya kilo-omu 7.5 kwenye kila waya wa sauti, na ya omu 150 ikiunganisha waya hizo mbili upande wa priampu, zote za asilimia 1. Cheza toni ya Hz 200 (multimita za bei nafuu hudanganya kwenye Hz 1,000) hadi mlango wa priampu usome mV 10. Mlango wa kutokea unapaswa kusoma karibu mV 500.

Hatua ya 4: kelele. Chomoa kilicho kwenye mlango wa maiki, uzibe kwa rizista ya omu 200, rekodi dakika moja. Mvumo wa Hz 50 hutokana na mzunguko wa ardhi au transfoma iliyo jirani. Wa Hz 100 unatoka kwenye uchujaji wa umeme, rudi kwenye kapasita. Gonga valvu taratibu kwa penseli: ikilia kama kengele, usiiweke nafasi ya kwanza. Mikwaruzo ya hapa na pale mara nyingi ni soketi chafu.

Hatua ya 5: muziki wenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaimba mara mbili, kila priampu na uimbaji wake, kisha wanasifu valvu kwa tofauti iliyotokana na koo. Chukua rekodi moja safi, isiyoguswa na kompresa (kifaa cha kubana tofauti za sauti), uipitishe kwenye priampu zote mbili kupitia kile kipunguza sauti. Kayamba huumbua masafa ya juu, udi huonyesha kati, sauti ya mtu huonyesha kila kitu. Rudisha kupitia mlango wa laini wa intafesi, si wa maiki, la sivyo unasikiliza intafesi.

Sawazisha viwango hadi tofauti isizidi 0.1 dB, kwa sababu sikio humpa ushindi anayepaza zaidi. Kisha geuza polariti (chanya iwe hasi) ya treki moja na uzichanganye. Zikifanana zitafutana, tofauti ya 0.1 dB peke yake huacha mabaki ya karibu -39 dB. Sauti ikiongezeka badala ya kufifia, waya za transfoma moja zimefungwa kinyume. Yakibaki mabesi tu, kagua kapasita za kathodi.

Hatua ya 6: maiki halisi, maana rizista haiathiriani na transfoma kama maiki inavyoathiriana nayo. V72 haina umeme wa 48 V wa kuendesha maiki ya kondensa, hivyo itahitaji boksi lake la umeme. Shure SM57 kwa mwimbaji wa sauti ya chini itakosa nguvu: 34 dB haitoshi, utaongeza kwenye intafesi na kuleta kelele yake. Kondensa ya mV 20 kwa paskali hutoa mV 20 mtu akiimba kwa dB 94 (paskali 1), na priampu huzifanya karibu volti 1. Kwa ngoma, tanguliza kipunguza sauti cha 20 dB.