Vihusishi vya Kihispania na misimu ya mitaani: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Wiki iliyopita nilikaa na kijana anayejifunza kazi ya kuongoza watalii hapa Zanzibar, akanionyesha daftari lake la vihusishi vya Kihispania. Upande mmoja aliandika kihusishi, na upande wa pili tafsiri ya Kiingereza: por ni "for", para nayo ni "for", na en ni "in, on, at". Alikuwa ameyakariri yote, na bado kila sentensi aliyoitunga ilikuwa na kosa. Haya ndiyo tuliyofanya siku ile.

Hatua ya 1: Kata safu ya Kiingereza.
Namaanisha kukata kwa kalamu. Andika badala yake sentensi nzima ya Kihispania na sentensi nzima ya Kiswahili, kwa sababu mara nyingi kazi ya kihusishi cha Kihispania hufanywa katika Kiswahili na kiambishi.

Hatua ya 2: Igawe -ni mara tatu.
Sisi husema naenda sokoni, nipo sokoni, natoka sokoni, na kitenzi ndicho kinachobeba tofauti. Mhispania huibebesha kihusishi: voy al mercado (al ni a + el), estoy en el mercado, vengo del mercado (del ni de + el). Kosa letu kubwa ni "voy en el mercado".

Hatua ya 3: Weka a mbele ya mtu.
Veo la casa ni naona nyumba, lakini veo a Juana ni namwona Juana. Ile -m- yetu na a yao hukaribiana sana, ila kitenzi tener (kuwa na) kwa kawaida hakiitaki: tengo un hijo, nina mtoto wa kiume.

Hatua ya 4: Tenganisha por na para.
Para hutazama mbele, yaani lengo, mpokeaji, mwisho wa safari au siku ya mwisho ya kukabidhi kazi. Por hutazama sababu, badiliko, bei na njia inayopitiwa. Kauli ya kutendea husaidia, lakini usiitegemee peke yake, maana "namfanyia kazi kaka" ina maana mbili: trabajo para mi hermano ni kwamba kaka ndiye mwajiri wangu, na trabajo por mi hermano yaweza kuwa kwamba ninamshikia zamu. Ukishukuru, ni por daima: gracias por la comida.

Hatua ya 5: Jihadhari na hasta.
Kwa mtu wa pwani neno hili huonekana rahisi kuliko yote. Limetokana na hatta ya Kiarabu, kama hata yetu, na maana zake mbili tunazo: katika Kiswahili cha zamani hata ni mpaka, na hasta los niños lo saben ni hata watoto wanalijua. Kwa sababu hiyo sikulitazama mara mbili, nami nikalipa.

Nilikuwa na wageni wanne kutoka Meksiko waliotaka kwenda msitu wa Jozani kuwaona kima punju. Jioni walinitumia ujumbe: Mañana salimos hasta las nueve. Niliusoma kama "kesho tutatoka, mwisho saa tatu", nikaona heri niwahi, nikafika hotelini na dereva saa kumi na mbili asubuhi. Wageni walishuka saa tatu kamili, wameshiba na wametulia, wakashangaa kutukuta tumesinzia garini. Dereva alinidai fedha ya kusubiri, na ilikuwa haki yake.

Sababu ni hii. Mhispania wa Madrid angesema no salimos hasta las nueve, yaani hatutoki mpaka saa tatu. Huko Meksiko, na pia katika Amerika ya Kati na Kolombia, no hiyo mara nyingi huachwa, na maana ya kukanusha hubaki. Kwa hiyo abrimos hasta las nueve yaweza kuwa "tunafunga saa tatu usiku" kwa mmoja na "hatufungui kabla ya saa tatu" kwa mwingine. Kitenzi cha tendo la mara moja, kama salir (kutoka), llegar (kufika), abrir (kufungua) na empezar (kuanza), ndicho cha kutilia shaka. Esperar (kusubiri) na dormir (kulala) kwa kawaida huwa salama. Cenar (kula chakula cha jioni) huenda kote kuwili, na hapo hakuna kanuni itakayokuokoa. Dawa yangu ni kurudia swali kwa a: ¿Entonces salimos a las nueve? Jibu likiwa sí, lala usingizi wako.

Hatua ya 6: Misimu, sikia zaidi kuliko unavyosema.
Kama basi letu lilivyo daladala Tanzania na matatu Kenya, lao ni guagua kwa Wakuba, Wapuerto Riko na watu wa visiwa vya Kanari, camión kwa Wameksiko na bondi kwa Waargentina. Mchile akisema guagua anazungumzia mtoto mchanga, na camión ya Mhispania ni lori. Nomino hubadilika na kihusishi hakibadiliki: ir en guagua, ir en camión, ir en bondi, ilhali sisi husema kwa basi.

Coger el autobús ni kupanda basi nchini Uhispania, lakini coger ni tusi Meksiko na Argentina. Mimi hutumia tomar kwa kila mgeni. Kwa fedha utasikia plata Amerika ya Kusini, lana Meksiko na pasta Uhispania, nawe ukisema dinero hutakosea popote.

Neno usilolijua litafute katika Diccionario de americanismos, iliyotolewa mwaka 2010 na muungano wa akademia za lugha ya Kihispania na kusomeka bure mtandaoni, ambamo kila maana imewekewa alama ya nchi yake. Misimu ya Uhispania haimo humo, hivyo curro, yaani kazi, utaitafuta katika kamusi ya Real Academia Española.