SOMO: Kuvuka nchi sita kwa nchi kavu bila kulala mpakani

Wakuu, kila wiki inboksi yangu inajaa swali lilelile: "Nataka kusafiri kwa barabara, nchi sita saba hivi, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza kilichokwisha andikwa nitampa namba ya hatua tu, asinune.

1. Pasipoti. Ibakiwe na miezi sita kuhesabu kutoka siku utakayomaliza safari, siyo siku unayoondoka. Na kurasa tupu za kutosha.

2. Njia. Ukishachora ramani, ulizia mipaka kabla ya barabara. Lami kufika mpakani haina maana geti liko wazi. Mpaka wa nchi kavu wa Algeria na Morocco umefungwa tangu 1994. Na nyie wa "kutoka Alaska hadi Argentina kwa gari": barabara inakatika Yaviza, Panama, inaanza tena Turbo, Kolombia. Katikati ni kama kilomita 100 za msitu na vinamasi. Gari linapita baharini ndani ya kontena, mwenyewe unapanda ndege.

3. Viza. Tafuta ile ngumu kuliko zote, kisha panga safari nzima kuizunguka. Nyingi zina tarehe ya mwisho ya kuingia, kwa hiyo ukiziomba zote kabla ya kuondoka, ya nchi ya saba inaweza kukufia ukiwa bado nchi ya nne. Halafu angalia idadi ya kuingia. Ukichungulia nchi jirani nusu siku ukarudi, umeingia mara mbili, na viza ya mara moja imeshakwisha kazi.

4. Homa ya manjano. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, usichome usiku wa kuamkia safari. Tangu 11 Julai 2016 ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

5. Mhuri wa kutoka. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Wasafiri wa ndege hawalijui tatizo hili, kwa sababu uwanja wa ndege unakupitisha kwenye foleni utake usitake. Mpaka wa barabarani haukulazimishi. Nilishushwa na teksi ya kuchangia karibu na geti, abiria wenzangu wakamiminika kuelekea darajani, nikafuata mkumbo. Kushoto niliona kijumba chenye dirisha moja, paka amelala kizingitini. Nikadhani stoo. Kumbe ndiyo ofisi ya uhamiaji. Wale wenzangu walikuwa wakazi wa pale, wana vibali vyao vya kuvukia, hawahitaji dirisha lile. Nikatembea daraja zima na begi mgongoni. Ng'ambo, ofisa akafungua pasipoti, akarudi nyuma kurasa mbili, akaielekeza kwenye mwanga, akauliza taratibu: "Kule umetoka lini?"

Nikarudishwa. Upande wa kwanza nao wakashangaa mbona natokea ng'ambo, wakaanza kunichukulia kama mtu anayeingia upya, na viza yangu ilikuwa ya mara moja. Nilipomaliza kujieleza, dirisha lilikuwa linafungwa. Nililala kwenye benchi.

Kwa hiyo: ukifika mpakani usitafute geti, tafuta dirisha. Uhamiaji wa kutoka, forodha, ndipo uvuke, kisha uhamiaji wa kuingia. Dereva akisema "twende tu, hakuna shida", shuka. Pasipoti usimpe kishoka anayejidai anajuana na watu wa ndani.

Na usibanduke dirishani kabla hujausoma mhuri wako. Soma tarehe, soma siku ulizopewa. Niliwahi kugongewa tarehe ya jana kwa sababu ofisa alisahau kuzungusha gurudumu la mhuri asubuhi. Ukiwa bado umesimama pale anarekebisha kwa sekunde. Ukirudi baada ya wiki mbili, wewe ndiye mwenye kesi ya kupitiliza siku.

6. Fedha. Maliza sarafu ya nchi unayotoka kabla ya mpaka. Ukibadilisha, hesabu zao kwanza, zako zibaki mkononi.

7. Saa. Mipaka mingi hufungwa usiku, na saa inaweza kubadilika darajani. Ukitoka Tanzania kuingia Zambia unarudisha saa moja nyuma. Ukienda kinyume chake unaipoteza, na ndivyo watu wanavyokuta geti limefungwa.

MASWALI

Ngurumo: Somo zuri mkuu. Sasa viza niziombe zote kabla sijaondoka?

Jibu: Hatua ya 3.

Mwendapole: Mimi naenda na gari langu. Nini kinabadilika?

Jibu: Swali zuri, nilipaswa kuligusa. Sasa mnavuka wawili, wewe na gari, na kila mmoja ana karatasi zake. Baadhi ya nchi zinadai carnet de passages, kitabu cha forodha kinachotolewa kupitia vyama vya magari, huwa cha mwaka mmoja. Unaweka dhamana, ili usiliuze gari huko bila kulipa ushuru. Kila nchi ina ukurasa wake, unagongwa ukiingia na ukitoka. Ukikosa wa kutoka, kwenye vitabu gari bado liko kule, na dhamana yako iko hatarini. Ni hatua ya 5 ileile, ila hasara ni kubwa zaidi. Leseni ya kimataifa nayo ina aina mbili kubwa: ya mkataba wa usafiri wa barabarani wa 1949 inadumu mwaka mmoja, ya 1968 hadi mitatu. Si kila nchi inatambua zote. Na ukivuka Moyale kutoka Kenya kwenda Ethiopia, unahama kutoka kushoto kwenda kulia. Kilomita za kwanza nenda polepole.

Chuma cha Reli: Mimi kondakta wa basi hukusanya pasipoti zetu zote, mipaka kumi sasa, sijawahi kukwama. Unatisha watu bure.

Jibu: Vizuri. Mimi nimekwama, ndiyo maana nimeandika. Kama kampuni ndiyo utaratibu wake, mpe, lakini ikirudi isome palepale. Sijaona kosa lako ni nini wala langu.

Tunda Damu: Na sehemu ambazo hawagongi tena mhuri? Nitathibitishaje nilitoka?

Jibu: Umefikiri mbali. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zilianza 12 Oktoba 2025 kusajili wageni kwa alama za vidole na picha badala ya mhuri. Tunza tiketi za basi na risiti zenye tarehe hadi safari iishe. Na hesabu mwenyewe: ruhusa ya kukaa huko kwa matembezi ni siku 90 ndani ya kila siku 180, siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabika. Kutoka wikendi moja na kurudi hakuanzishi hesabu upya.

Chuma cha Reli: Basi nami nichangie. Treni ya kutoka China kwenda Mongolia inanyanyuliwa mpakani na kubadilishwa magurudumu, maana reli ya China ni milimita 1,435 na ya Mongolia 1,520. Inachukua saa kadhaa, na vyoo hufungwa. Nendeni kabla.

Jibu: Hii ina thamani kuliko hatua zangu tatu. Asante.

Ngurumo: Pasipoti yangu inaisha miezi miwili baada ya safari, itafaa?

Jibu: Hatua ya 1.

Tunda Damu: Kuna kitu kidogo ambacho watu husahau kubeba?

Jibu: Kalamu. Fomu zipo, kalamu ya dirishani imefungwa kwa uzi na haina wino. Beba mbili, moja utaazimwa na haitarudi.